Kipi ni Bora, Chako au Changu?



Mwaka 2018 tulipata nafasi ya kwenda Uingereza kumtazama binti yetu aliyekuwa amejifungua, tukakaa huko majuma sita. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, mkwe wetu na mdogo wake walibaki mezani wakinywa chai. Mara tukasikia sauti zao zinapanda. Tulidhani ni habari ya fedha, au labda ni habari ya urithi, maana haya ndiyo huwagombanisha ndugu duniani kote. Tukamwuliza binti yetu kuna nini. Akacheka, akasema, "Mama, waache tu. Wanagombania hadithi za televisheni."

Nasi tukacheka. Lakini mabishano yale yaliendelea kwa muda wa saa moja na nusu. Mwishowe yule mdogo alisimama, akasema neno lisilofaa kuandikwa hapa, akachukua koti lake akaondoka, na chai yake ikabaki nusu kikombe. Kwa majuma matatu hakukanyaga nyumba ile, wala hakuja kumwona mtoto. Hapo ndipo tulipoacha kucheka.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza swali ambalo huenda kila msomaji amekwisha kukutana nalo kwa namna yake. Mtu apendapo kitu, na mwenzake apenda kingine, je, yafaa wabishane kipi ni bora? Na kama yafaa, mpaka wake uko wapi?

Kwanza tueleze ugomvi wenyewe. Wazungu wana hadithi za kubuni za kisayansi, yaani hadithi za vyombo vya angani, sayari za mbali na miaka ijayo. Kwenye televisheni zimeonyeshwa kwa miaka mingi. Waingereza wana Doctor Who, iliyoanza tarehe 23 Novemba 1963, siku moja tu baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa. Wamarekani wana Star Trek, iliyoanza Septemba 1966. Hizi zina wapenzi wao, na wapenzi hao hubishana kama vile sisi tubishanavyo juu ya timu za mpira.

Ndugu wale wawili walibishana juu ya hadithi mbili za miaka ya 1990. Moja huitwa Deep Space Nine, nayo ni ya ukoo wa Star Trek. Ilianza Januari 1993. Ya pili huitwa Babylon 5. Filamu yake ya utangulizi ilionyeshwa Februari mwaka ule ule, na mfululizo wenyewe ukaanza Januari 1994. Zote mbili zasimulia kituo kikubwa kilichojengwa angani, mahali ambapo wanadamu na viumbe wa sayari nyingine hukutana, hufanya biashara, husuluhishana na hupigana vita. Tena mtunzi wa Babylon 5, J. Michael Straczynski, alikuwa amepeleka wazo lake mwaka 1989 kwa kampuni yenye Star Trek, nayo haikulichukua. Basi zilipotokea hadithi mbili zinazofanana namna hii, wapenzi wa upande mmoja walipiga kelele kwamba wameibiwa, na wa upande wa pili wakajibu kwamba huo ni wivu. Hadithi zote mbili zilikwisha, moja mwaka 1998 na nyingine mwaka 1999, lakini ugomvi haukwisha. Miaka kumi na tisa baadaye ulimwondoa mtu mezani mbele ya macho yetu.

Wako watakaosema, "Huo wote ni upuuzi. Watu wazima wagombanie mambo yasiyokuwapo?" Sisi pia tulisema hivyo siku ya kwanza. Lakini fikirini jambo hili. Katika Star Trek ya mwanzo alikuwapo mwigizaji mwanamke mweusi, Nichelle Nichols, aliyecheza kama afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani. Baada ya mwaka wa kwanza alitaka kuacha kazi ile. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba aliyemzuia ni Martin Luther King, aliyemweleza kuwa watu weusi wa Marekani walikuwa wakijiona katika sura yake, si kama watumishi wa jikoni bali kama watu wa heshima. Akabaki. Na mwaka 1992 Dakta Mae Jemison alipokuwa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, naye alisema kwamba miongoni mwa waliomtia moyo utotoni ni yule afisa wa hadithi. Basi jambo lisilokuwapo lilimpeleka mtu kule kulikokuwapo. Hatuwezi kuliita upuuzi.

Tena sisi Waswahili tusijifanye wageni wa mambo haya. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika mwaka 1951, nchi ile aliiweka wapi? Aliiweka angani, ikielea hewani. Tumeisoma na kuifundisha, wala hatukumwambia mtu kwamba ni upuuzi.

Wengine watajibu kwa njia iliyo rahisi zaidi: "Kila mtu na apendacho. Hakuna kilicho bora." Maneno haya yana sura ya upole, na huwapendeza wanaotaka amani ya haraka. Lakini sisi tuliofundisha walimu kwa miaka mingi hatuwezi kuyakubali. Kama hakuna insha iliyo bora kuliko nyingine, kwa nini tulikesha na taa tukisahihisha? Kama hakuna somo lililofundishwa vizuri na lingine vibaya, tulikaa nyuma ya darasa na daftari kuangalia nini? Mtu asemaye kwamba vyote ni sawa huonekana kuwaheshimu wote, kumbe amekataa kutazama kazi ya mtu yeyote.

Wale ndugu wawili, pamoja na makelele yao, walikuwa wametazama. Mkwe wetu alieleza jinsi Straczynski alivyopanga kisa chake tangu mwanzo kiende miaka mitano, chenye mwanzo, katikati na mwisho, na jinsi alivyoandika kwa mkono wake mwenyewe sehemu 92 kati ya 110. Alieleza pia kwamba mtunzi huyo, ambaye haamini kuwa Mungu yupo, alitunga sehemu moja ambamo kila taifa la angani linaonyesha dini yake. Na ilipofika zamu ya wanadamu, kamanda wa kituo aliwapanga watu wa imani nyingi mstari mmoja mrefu, akamtambulisha kila mmoja kwa heshima. Mdogo wake naye akajibu kwamba Deep Space Nine ndiyo ya kwanza katika ukoo wa Star Trek kumweka mtu mweusi, Avery Brooks, kuwa mkuu wa wote. Na kwamba mwaka 1998 ilionyesha kisa cha mwandishi mweusi wa New York, mwaka 1953, ambaye hadithi yake inakataliwa kwa sababu shujaa wake ni mweusi. Mambo haya yote tuliyajua kwa sababu walibishana. Kama wangeambiana "kila mtu na chake," tungekunywa chai yetu kimya, na tusingejifunza kitu.

Basi kubishana si kosa. Kosa liko wapi?

Twaona kwamba mabishano yale yalikuwa na hatua tatu. Katika hatua ya kwanza walisema, "Hadithi hii ni bora kuliko ile, kwa sababu hii na hii." Hapo walikuwa kama mafundi wawili wanaopima meza. Katika hatua ya pili kila mmoja alianza kusema, bila kutamka wazi, "Mimi ninayependa hii nina akili zaidi." Mwamba ngoma huvutia kwake, hapo hadithi ilikuwa imekwisha kuwa ngoma tu. Katika hatua ya tatu wakasema, "Wewe unayependa ile u mtu wa namna gani?" Na hapo ndipo koti lilipochukuliwa. Hatua ya kwanza yahusu kazi. Ya pili na ya tatu zahusu watu. Tena mpaka uliopo kati ya ya kwanza na ya pili ni mwembamba sana, mtu huuvuka bila kusikia miguu yake.

Twaujua mpaka huo kwa sababu tumeuvuka sisi wenyewe. Mwaka 1988, chuoni, tulimkuta mwanachuo mmoja akisoma chini ya dawati riwaya ya Elvis Musiba, moja ya vile visa vya mpelelezi Willy Gamba. Siku ile tulikuwa tukifundisha habari za Kusadikika. Tulimsimamisha mbele ya wenzake. Tukamsomesha kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu chake, na kila alipomaliza sentensi tulitia neno la mzaha, na darasa zima likacheka. Tulisema, "Huyu ndiye anayetaka kwenda kufundisha watoto wa watu." Wakati ule tulidhani twatetea fasihi. Kijana yule alikuwa akinyoosha mkono mara nyingi darasani. Baada ya siku ile hakuunyoosha tena mpaka alipomaliza chuo. Na sisi, kwa ukweli, hatukuwa tumesoma kitabu kile hata ukurasa mmoja isipokuwa huo tuliomsomesha.

Tumelikumbuka jambo lile miaka mingi, lakini ni chai iliyobaki nusu kikombe ndiyo iliyotueleza jina lake. Hatukuwa tumesema kwamba kitabu hiki ni bora kuliko kile. Tulisema kwamba yeye ni duni.

Sasa tuwasimulie jambo la mwisho alilotueleza mkwe wetu, siku kadhaa baadaye, akiwa amembeba mtoto na sauti yake imeshuka. Mwasisi wa Star Trek, Gene Roddenberry, alifariki Oktoba 1991. Mjane wake, Majel Barrett, alikuwa mwigizaji wa ukoo ule tangu zamani, na hata katika Deep Space Nine alionekana. Ugomvi wa wapenzi wa pande mbili ulipopamba moto, mama huyu alikubali kuingia nyumba ya wapinzani. Mwaka 1996 alicheza katika sehemu moja ya Babylon 5, akiwa mjane wa mfalme, mwanamke mwenye kuona mambo yajayo. Wote waliotazama walijua ni nani, na walijua maana yake: kwamba kama mjane wa mwenye nyumba anaweza kuketi kwa jirani, wageni hawana sababu ya kurushiana mawe uani.

Mtu aweza kusema kwamba mwigizaji ni mwigizaji tu, hufanya kazi alipwe. Huenda. Lakini aliweza kufanya kazi mahali pengi. Tena tazameni kile ambacho hakukifanya. Hakusema kwamba hadithi zote mbili ni sawa. Hakuwaambia watu waache kubishana. Hakuiacha nyumba yake. Aliingia tu nyumba ya pili, akaifanyia kazi kwa bidii yake yote, kisha akarudi kwake.

Hapo twapata mambo mawili ya kujifunza. La kwanza, usihukumu kitu ambacho hujaingia ndani yake. Nasi twajuana katika mitaa yetu: huyu hawezi kusikia nyimbo za kwaya ya vijana, yule asema nyimbo za wazee zinamlaza usingizi, na wote wawili hawajasikiliza wimbo wa mwenzake tangu mwanzo hadi mwisho. La pili, kabla ya kueleza kwa nini changu ni bora, niweze kutaja jambo moja jema katika chako, tena kwa maneno ambayo wewe mwenyewe utakubali kwamba ndivyo. Asiyeweza kufanya hivyo hajafika kwenye mabishano. Yungali kwenye ngoma.

Yule mdogo wa mkwe wetu alirudi Jumamosi moja jioni. Hakuomba radhi, wala hakuombwa. Alimchukua mtoto, akaketi, na kaka yake akawasha televisheni. Walitazama sehemu moja ya Deep Space Nine, kisha moja ya Babylon 5. Kisha wakaanza tena kubishana, lakini safari hii chai ilinyweka.

Nasi tuliporudi nyumbani tuliazima riwaya moja ya Musiba, tukaisoma yote kwa siku tatu. Bado twasema kwamba Shaaban Robert ni mwandishi aliye bora, na sababu zetu tunazo. Lakini tuliona kwamba vitabu vile vya upelelezi vilikuwa vikiwaza habari za ukombozi wa kusini mwa Afrika wakati mapambano yenyewe yangali yakiendelea, na kwamba kijana wa mwaka 1988 alikuwa na haki ya kutaka kujua kisa kitaishaje. Kwa sasa hatujui yuko wapi. Kama tungekutana naye, tusingemwambia kwamba kitabu chake kilikuwa sawa na kile tulichokuwa tukifundisha, maana hatuamini hivyo, naye angejua kwamba twamdanganya. Tungemwomba radhi kwanza. Kisha tungemwuliza swali lile ambalo mwalimu yeyote angepaswa kuliuliza siku ile, nalo lilikuwa jepesi kuliko mzaha: "Umependa nini ndani yake?" Na tungekaa chini tusikilize jibu.