Bei ya Chungu Ijumaa Alasiri

Soma Mithali 20:14, Mambo ya Walawi 25:14–16, 35, Kumbukumbu la Torati 24:14, 15, Amosi 8:4–6.

Kijiji cha Mtae kimekaa ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara, juu ya tambarare za Mkomazi, na hewa ikiwa safi milima ya Upare huonekana kwa mbali. Jua la jioni huko halifichwi na kitu. Anayeitunza Sabato haihitaji saa ya mkononi kujua kwamba imekaribia.

Tuchukue mfano wa mama mfinyanzi wa milima hiyo. Kwa desturi ya Washambaa, ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Udongo huchimbwa, hubebwa kichwani, hupondwa na kuondolewa mawe. Chungu huumbwa kwa mikono, hulainishwa, huachwa kikauke kwa siku kadhaa, kisha huchomwa kwa kuni na majani makavu. Vingine hupasukia motoni, na kazi yote ikapotea. Ijumaa saa kumi na moja mama huyu amebakiza chungu kimoja sokoni, na nyumbani hajateka maji wala hajapika chakula cha Sabato. Anataka shilingi 6,000. Anafika mnunuzi, mshiriki mwenzake, anayejua vizuri kwamba mama hawezi kukaa hadi giza. Anakigeuza chungu, anasema ni kizito, kina doa, na siku hizi watu wanapikia sufuria. Anatoa 3,000. Mama anatazama jua, anapokea. Njiani mnunuzi anamsimulia jirani jinsi alivyopata chungu kizuri kwa bei ya bure. Mithali 20:14 inamfahamu mtu huyu kana kwamba ilikuwapo sokoni.

Je, ametenda dhambi? Hakuiba. Walipatana. Wengi wataishia hapo, kwamba mwenye mali alikubali mwenyewe. Lakini Mambo ya Walawi 25:14 inazungumza na watu waliokubaliana, wauzaji na wanunuzi, nayo inawakataza kupunjana. Mafungu mawili yanayofuata yanaeleza jinsi ya kupata bei: shamba lihesabiwe kwa mavuno yaliyobaki hadi yubile. Anayeuza shamba kwa kawaida ana shida, lakini shida yake haikuwekwa katika hesabu. Kinachohesabiwa ni kile kilichomo ndani ya kitu chenyewe. Ndani ya chungu mna siku za kazi, kuni, na vile vyungu vingine vilivyopasuka.

Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza kibarua alipwe kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutegemea ujira huo. Mfinyanzi hana tajiri aliyemwajiri. Anayemlipa ujira wake ni mnunuzi, yule aliyesimama mbele yake, akilitumia jua hilo hilo kumpunguzia.

Isidhaniwe kwamba kupatana bei ni uovu. Katika masoko yetu ni sehemu ya mazungumzo, na muuzaji naye hutaja bei ya juu akijua itashuka. Wala mama mwenye watoto wengi anayechukua ndoo ya plastiki kwa sababu haivunjiki hakumkosea mfinyanzi yeyote. Mnunuzi wetu alikosea pale alipoona mwenzake amebanwa, akaona faida.

Upo pia ununuzi wa huruma, ambao hausemwi sana. Mtu analipa 10,000 kwa kitu asichokihitaji, anakitupa pembeni, anajisikia vizuri. Mambo ya Walawi 25:35 inataka ndugu aliyeanguka ategemezwe apate kuishi pamoja nasi, na huruma ya namna hii mara nyingi hairudi sokoni wiki inayofuata. Huko Iringa, kituo cha Neema Crafts kilianzishwa mwaka 2003 chini ya dayosisi ya Kianglikana ya Ruaha, kwa vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, hata kwa kinyesi cha tembo. Baadaye kikaajiri watu wengi wenye ulemavu, wakifuma na kushona, na mgahawa wake ukahudumiwa na viziwi. Mteja huandika anachotaka au huonyesha kwa ishara. Atakayerudi kesho atarudi kwa sababu kahawa ni nzuri, na mhudumu anajua hivyo. Kwa hiyo fundi naye ana wajibu: chungu chenye ufa kisiuzwe kwa kutegemea huruma.

Wafanyabiashara wa Amosi 8:5 walifunga maduka siku ya Sabato. Walingoja hadi iishe, ingawa kwa kunung'unika. Nabii hakuwashtaki kwa kuvunja saa zake. Aliwashtaki kwa vipimo, kwa mizani, na kwa maskini walionunuliwa kwa bei ya viatu.

Jioni ile nyumba ya mnunuzi ni safi, chakula kiko tayari, na jua linapozama familia inaimba. Mama mfinyanzi naye anaimba kwake, akiwa amechelewa kidogo. Asubuhi wanaketi darasa moja.

Jadilini darasani: Kwa mujibu wa Mathayo 5:23, 24, je, mnunuzi ana jambo la kumalizana na mama huyu kabla ya sadaka, au biashara ya Ijumaa imekwisha? Na kama analo, amwambie nini katika siku ambayo fedha haihesabiwi mezani?