Je, Mchicha Hulipa Deni la Soda?

Soma Danieli 1:8–16, Warumi 14:13, 1 Wakorintho 6:19, 20.

Muuzaji wa duka Kariakoo huanza siku kwa maandazi na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Mchana, jua likiwa kali, hunywa soda; alasiri, nyingine. Jioni, akipita Mnazi Mmoja kurudi nyumbani, hununua fungu la mchicha, na moyo wake hutulia: leo pia amekula mboga. Je, hesabu yake ni sahihi?

Kwa sehemu, ndiyo. Mboga za majani kama mchicha na matembele zina karotini, vitamini C na viini vingine vinavyosaidia kuzima chembe haribifu mwilini. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, chembe hizo huongezeka na kudhuru mishipa. Basi mboga ni zawadi ya Muumba, hasa zisipochemshwa mno na maji yake kumwagwa.

Lakini chupa ya soda ya mililita 350 hubeba takribani gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Na ni bora zaidi ikishuka hadi gramu 25 hivi. Hakuna fungu la mchicha linaloondoa sukari iliyokwisha kunywewa. Mwaka 1994 watafiti nchini Ufini walitangaza matokeo ya kuwapa wavuta sigara vidonge vya beta-karotini: saratani ya mapafu haikupungua, bali iliongezeka. Kidonge hakikulipia moshi.

Hapo swali la afya hugeuka kuwa swali la moyo. Mwanadamu hupenda kufidia kosa kwa tendo jema bila kuliacha kosa lenyewe. Danieli hakuomba chakula cha mimea kiwekwe kando ya divai ya mfalme. Aliomba kichukue nafasi yake.

Hata hivyo, mboga haziokoi, wala soda haimtengi mtu na neema. Mwenye kisukari asihukumiwe, kwa maana wengine huugua kwa sababu ya urithi au umri. Wala asiache dawa za hospitali kwa kutegemea mchicha. Na mwenyeji aliyetoa soda kwa heshima asiaibishwe mbele ya watu. Kiasi hakimpigii jirani kelele. Huanza kwenye kikombe cha mtu mwenyewe.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni tendo gani jema unalolitumia kufunika tabia usiyotaka kuiacha?

2. Kanisa lenu huwapa wageni kinywaji gani? Upendo na afya vitapatanaje hapo?