Umeona au Umesikia?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.



Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa. Miaka mingi baadaye, huko Fez, Ibn Juzayy aliziandika simulizi zake. Imo ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeombwa nguo na fakiri akitoka Swala ya Ijumaa, akazivua na kumpa. Kisa hiki Ibn Battuta anasema alikishuhudia. Lakini habari za Sofala anasema aliambiwa na mfanyabiashara. Kwetu Quionga, kusini ya Mto Ruvuma, ni katikati ya miji hiyo miwili. Kwa hiyo pwani yetu aliijua kwa masikio, si kwa macho.

Hata cha macho hupimwa. Alisema Kilwa imejengwa kwa miti, ilhali magofu ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, ya mawe ya matumbawe, tunayaona hadi leo. Kosa moja halimfanyi mtu mwongo, na ukweli mmoja hauthibitishi yote.

Ibn Khaldun anaeleza kuwa watu wa Fez walimnong'ona Ibn Battuta kuwa mwongo, naye mwenyewe akaingiwa na shaka. Waziri Faris bin Wadrar akamwonya kwa kisa cha mtoto aliyekulia gerezani: kila alipotajiwa mnyama, kondoo au ngamia, alidhani ni aina ya panya, kwani hakuwahi kuona mwingine. Je, sisi hatuna gereza letu?

Palma ilipovamiwa tarehe 24 Machi 2021, wengi walikimbia, na visa vikasambaa simuni. Sauti isiyo na mwenyewe ikimtaja jirani kuwa ni mashababi, tunaituma mbele kabla ya kumaliza kuisikiliza. Mama akisema alitembea porini na wanawe siku kadhaa, tunasema anatunga. Yule tumemwamini mzushi wake, huyu tumemkadhibisha. Wote wawili tumewadhulumu. Na dhuluma ya kwanza inaweza kumwaga damu.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuchunguze habari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa yatosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo.

Basi tuulize: Nani kasema? Aliona au aliambiwa? Jambo hilo lawezekana? Tusipopata jibu, tunyamaze. Kunyamaza si kumwita mtu mwongo. Ni kuacha mlango wazi mpaka ushahidi uje.

Ewe Mola, zilinde ndimi zetu na vidole vyetu, uwape amani watu wa Cabo Delgado, na usitujaalie kuwa mashahidi wa tusiyoyajua. Amin.