Mapishi ya Umbali

Leo tuanzie mezani.

Kuna mtu ambaye samaki kwake ni changu au nguru aliyeshushwa alfajiri pale soko la Feri, Dar es Salaam, macho maangavu, matamvua mekundu. Mwingine, mzaliwa wa Kigoma, umpe dagaa wakavu waliokaangwa kwa mawese, nguru wako hatamtazama. Bukavu wanamtaka samaki wa moshi ndani ya sombe, yaani kisamvu. Unguja, papa mkavu akishapata nazi, harufu yake humwita hata jirani. Na mwanafunzi wa bweni? Yeye ana kopo la samaki wa nyanya, na anashukuru.

Tunadhani ladha ni tabia ya mtu. Mara nyingi ni umbali wake na maji. Chumvi, jua na moshi vilimwezesha samaki kusafiri bila kuoza. Mwaka 1810, Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia ya kuhifadhi chakula kwa kukiziba kwenye chupa na kuichemsha, makopo yakafuata. Kilichoanza kama akiba kikageuka utamu, na watoto wakakua wakiupenda moshi wenyewe.

Kwa hiyo usimkunjie mwenzako pua kwa sababu ya kilichomo sahanini mwake. Muulize kwao ni wapi, na nani alimpikia kwanza. Utajua mengi kumhusu kuliko ukimuuliza kazi yake.