Noti Ambayo Haijalia

Piga noti tatu mfululizo, moja baada ya nyingine. Ya tatu inapolia, ya kwanza imeshafifia, lakini sikio linasisitiza kwamba limesikia kitu kimoja. Noti hizo zikiwa za kodi moja, wanamuziki hukiita arpegio. Kitu hicho kimoja kiko wapi? Hewani hakipo, kwa kuwa hakuna nukta ambapo kilisimama kizima.

Nyatiti ya Waluo inafaa kuulizia swali hili. Ina nyuzi nane, nne za mkono huu na nne za mkono ule, na siku hizi nyingi ni za nailoni ya kuvulia samaki. Mpigaji huketi kwenye kigoda, njuga zimefungwa mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa chombo. Nyuzi hudonolewa mmoja mmoja, na wimbo mzima husimama juu ya mzunguko unaojirudia.

Tumweke mwanafunzi wa chombo hiki katika mtaa wa Tena, kwenye ghorofa la kupangisha ambako ukuta ni jina tu. Upande wa pili jirani anasonga ugali. Wimbo haujui, Kijaluo hajui. Mwanafunzi anazungusha mara tatu vizuri. Mara ya nne kidole kinateleza hadi uzi wa pembeni. Mwiko unasita sufuriani. Jirani amejuaje kwamba pamekosewa? Noti ile haina ubaya wowote. Mahali pengine ingependeza. Imekosea kwa kulinganishwa na noti iliyotarajiwa, na iliyotarajiwa haikulia.

Augustino, askofu wa Hippo, aliligusa jambo hili katika Maungamo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita: anayekariri zaburi huwa na matarajio ya zaburi yote kabla hajafungua kinywa, na kadiri anavyoendelea matarajio hugeuka kumbukumbu. Lakini mtu wake aliijua zaburi. Jirani wa Tena alitosheka na mizunguko mitatu tu.

Mwanatheolojia John Mbiti naye, katika kitabu chake cha 1969, aliugawa wakati wa Mwafrika kuwa Sasa na Zamani, akadai kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Alishambuliwa kwa hilo, na naona kwa haki: anayepanda mwembe anajua atakayekula. Ila kuna sehemu ya hoja yake ambayo wakosoaji huipita haraka. Alikubali kwamba lililo karibu kutokea, na lile lililomo katika mwendo usioepukika wa maumbile, lina nafasi yake. Mzunguko wa nyatiti ni mwendo wa namna hiyo. Ukishaanza, noti ijayo ni sehemu ya sasa hivi, hata kabla uzi haujaguswa.

Tabu ya mwanafunzi imo hapo. Kila kidole chake kinangoja kingine kimalize, kama watu kwenye foleni ya maji, kwa hiyo sasa yake ina upana wa uzi mmoja. Msikilize mpigaji nyatiti Ayub Ogada katika “Kothbiro”, kwenye albamu yake ya 1993: mikono yake haingoji. Kuongeza kasi hakumsaidii anayeanza. Kutamwongezea makosa tu. Anachohitaji ni kuushika mzunguko wote kabla ya kugusa uzi wa kwanza, jambo ambalo jirani, kwa masikio yake na bila ada yoyote, analiweza tayari.