Je, Jirani Asiyeonekana ni Jirani?

Wazee wana methali: Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka akiingia nyumbani, wewe shika fimbo iliyo karibu na mkono. Ile nzuri uliyoiacha shambani haikufai kitu. Ndiyo sababu mama akishikwa na uchungu usiku huita jirani wa ukuta wa pili, haiti dada yake aliye Kisangani.

Lakini siku hizi kuna jambo linalotaka kuipindua methali hiyo, na yatupasa kulifikiri vema. Wanawake wengi wamejifanyia kijiji ndani ya simu. Hawakutani mtoni wala sokoni. Wengine hawajapata kuonana uso kwa uso hata siku moja. Humo huombolezeana, hushauriana, hukusanya fedha, hupeleka malalamiko yao kwa wakubwa. Ng'ambo wako waliozidi. Katika Second Life, mji wa picha uliofunguliwa Marekani mwaka 2003, mtu hujichagulia mwili wa picha akatembea nao, na wenye miili hiyo wamefanya matembezi ya kuchanga fedha za kupigana na kansa. Yachekesha kidogo, lakini fedha zile hazikuwa picha.

Je, huo ni ujirani, au ni mchezo tu?

Twende Burungu, maana huko swali hili si la mchezo. Burungu iko karibu na Kitshanga, katika Masisi, nchi ya milima ya malisho, maharagwe na jibini. Mwezi wa Januari 2023 wapiganaji wa M23 waliingia Kitshanga, na watu wengi wa upande ule wakakimbia. Wako waliofika kambi za Goma. Mwezi wa Februari 2025, M23 walipokwisha kuutwaa mji wa Goma, watu wa kambi kama Bulengo na Lushagala waliamriwa kuondoka kwa siku chache tu. Wakatawanyika mara ya pili.

Haya, msomaji, nijibu: mama wa Burungu aliyekimbia mara mbili, jirani yake ni nani? Yule wa ukuta wa pili? Kambini ukuta ni turubai, na nyuma yake amelala mgeni ambaye kesho atakuwa mahali pengine. Wale waliolima pamoja naye, waliocheza likelemba pamoja naye, wanaolijua jina la mtoto wake aliyekufa, wote wako mbali. Kwake yeye fimbo zote ni za mbali. Tukisema kwamba hao si majirani tena, tumesema kwamba hana jirani hata mmoja. Mimi sithubutu kumwambia hivyo.

Kwa hiyo siwakubali wale wanaume wanaosema kwamba vikundi vya wanawake katika simu ni porojo tupu. (Porojo za wanaume penye pombe hawazihesabu.) Walakini sisemi kwamba kila kikundi cha simu ni kijiji. Tofauti iko wapi?

Nadhani iko hapa. Kijijini huwezi kumkimbia jirani. Umegombana naye leo, kesho utapita mbele ya mlango wake ukienda kuchota maji, na ng'ombe wake ataingia tena shambani kwako. Umepewa jirani bila kuulizwa. Katika simu kidole kimoja chatosha: umechoka na taabu za fulani, umebonyeza, umetoka, wala hatakukuta njiani. Basi ujirani wa simu hauna budi kuchaguliwa upya kila asubuhi. Hauonekani siku ya salamu na picha za maua. Waonekana siku ile mmoja anapokuwa mzigo, na wenzake hawabonyezi. Goma ilipotwaliwa, benki zake zilifungwa. Watu wakapelekeana fedha kwa simu, na kuzigeuza ziwe noti mkononi kulikuwa na gharama kubwa. Aliyejipunguzia chakula siku zile ili ampelekee mwenzake bei ya unga, huyo alikuwa jirani hasa, hata kama hawakuonana miaka miwili.

Wako pia waliojaribu kuitumia fimbo ya mbali kwa nyoka mkubwa. Mwaka 2012, huko Bukavu, Neema Namadamu, mwanamke aliyepooza kwa polio tangu umri wa miaka miwili, aliwakusanya wanawake wakajifunza kompyuta. Wakajiita Maman Shujaa. Wakaandika mambo ya maisha yao katika World Pulse, mtandao wa wanawake wa nchi nyingi, tena wakamwomba Rais Obama ateue mjumbe maalum kwa ajili ya Kongo. Watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi zao. Mwezi wa Juni 2013 Russ Feingold aliteuliwa kuwa mjumbe wa nchi za Maziwa Makuu. M23 walishindwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Lakini mwishoni mwa 2021 wakainuka tena. Mwenye methali atasema: nilikuambia, nyoka hakufa. Ni kweli, hakufa. Lakini hata majeshi yaliyokuwa karibu, yenye bunduki, hayakumwua. Kwa nini tuwadai wanawake wenye kompyuta kazi ambayo majenerali hawakuimaliza?

Mimi naogopa jambo jingine. Mtu anayejichagulia majirani huwachagua wanaofanana naye. Kwenye maji ya kijiji Muhunde, Muhutu na Mtutsi walikutana wakipenda wasipende. Mama mmoja alimtwika mwenzake mtungi kwanza, chuki ilingoja. Katika simu kikundi chaweza kuwa cha kabila moja tu. Humo wanawake watalia kwa uchungu wa kweli juu ya wafu wao, na baada ya dakika tano watapelekeana maneno ya kuwatukana wafu wa wengine, pamoja na picha ambayo hakuna ajuaye imetoka wapi. Nao watasema, Sisi ni ndugu. Ndiyo, ni ndugu, na undugu wao una joto. Joto hilo hilo laweza kuchoma nyumba ya mtu. Msamaria yule wa Injili hakumchagua mtu aliyelala njiani. Alimkuta. Simu haitukutanishi kwa urahisi na mtu ambaye hatukumtafuta.

Tena yuko asiyeonekana kabisa. Kijijini hata bubu huonekana akipita. Mama aliyeuza simu yake apate dawa ya mtoto, au aliyenyang'anywa kwenye kizuizi, jina lake limo bado katika kikundi. Ila hasemi neno, na maneno ya wengine yanaendelea kama mto. Katika likelemba mgonjwa hapotezi zamu yake: mwenzake humchukulia fedha akampelekea mpaka kitandani. Katika kikundi cha simu, ni nani atakayekuwa wa kwanza kuuliza, Fulani amenyamaza tangu lini? Na ni nani, kati ya walio upande ule, atakayevaa kandambili aende kumtazama?