Nani Apewe Nyumba Kwanza?

Liko swali moja linalozungumzwa sana katika Ituri, lakini mara nyingi huzungumzwa kwa hasira kuliko kwa akili. Swali lenyewe ni hili: ikiwa Serikali ina mali kidogo tu ya kuwasaidia watu wasio na makao, imsaidie nani kwanza? Kijana aliyekuwa askari wa vita akaweka bunduki chini, au mama aliyechomewa nyumba yake? Hebu tulitazame polepole.

Kwanza tukumbuke jinsi nyumba zilivyokuja Mongbwalu. Dhahabu iliyovumbuliwa karibu na Kilo mwaka 1903 ndiyo iliyowavuta watu kutoka pande nyingi. Wafanyakazi wa Kilo-Moto walijengewa kambi, kwa maana sheria za kazi za siku zile zilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi mahali pa kulala na posho. Lakini nyumba ya kambi ilikuwa na kasoro moja: iliifuata kazi, haikumfuata mtu. Aliyepoteza kazi aliweza kupoteza na dari juu ya watoto wake. Huko mijini Bula Matari alianzisha mwaka 1952 shirika la kujenga nyumba za Waafrika, lililoitwa OCA. Lakini nyumba zake zilimfaa hasa mtu mwenye mshahara wa kulipa kila mwezi. Kwa hiyo mwaka 1955 likaundwa Fuko la Mfalme, ili kuwasaidia waliokuwa maskini zaidi. Tunaona basi kwamba desturi ya kumpa nyumba yule mwenye faida, na kumsahau asiye na faida, si desturi ya jana.

Kisha ikaja vita. Kuanzia mwaka 2002 vikundi vyenye silaha viligombania Mongbwalu na dhahabu yake. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2005 kwamba raia wasiopungua 2,000 waliuawa katika eneo hilo kati ya 2002 na 2004, na makumi ya maelfu walikimbia. Silaha zilipoanza kukusanywa katika Ituri, miaka ya 2004 na 2005, wapiganaji waliozitoa waliandikishwa na kuahidiwa msaada wa kuanza maisha mapya. Mama aliyerudi akakuta majivu alitazama jambo hilo, akauliza: Je, mimi nikatafute bunduki wapi, ili nami niandikishwe? Tangu mwisho wa mwaka 2017 machafuko yaliwaka tena katika Djugu, vijiji vikachomwa, na swali la mama huyo likarudi katika vinywa vingi.

Tusimjibu haraka. Wengine husema: Mpiganaji asipewe kitu, kwa sababu ni mwenye hatia. Lakini wapiganaji wengi walichukuliwa wakiwa watoto, na wengine wao nyumba za wazazi wao zilichomwa vilevile. Tena, kijana asiye na kazi wala pa kulala atarudi msituni, na nyumba ya mama ikijengwa leo, kesho itachomwa mara ya pili. Wengine husema kinyume chake: Amani kwanza, wenye bunduki watulizwe, waliochomewa wangoje. Lakini mtoto anayeyaona hayo atajifunza somo baya kuliko yote, kwamba bunduki ndiyo inayojenga nyumba.

Kosa la pande zote mbili ni kuita vitu viwili kwa jina moja. Msaada wa aliyeweka bunduki ni bei ya amani. Nyumba ya aliyechomewa ni deni, kwa maana Serikali ndiyo iliyochukua kazi ya kumlinda, na hakulindwa. Tena katika Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 48, Serikali yenyewe imethibitisha haki ya kila mtu kuwa na makao ya kufaa. Baba Mtakatifu Yohane XXIII alifundisha jambo lilo hilo katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani, alipohesabu makao pamoja na chakula na mavazi katika haki za mwanadamu. Basi mwenye deni hawezi kusema, “Nimelipa bei sokoni, kwa hiyo deni limekwisha.” Wala hawezi kuliita deni hilo sadaka, akangoja kushukuriwa.

Kama vyote viwili yafaa vilipwe, vilipwe mahali pamoja. Kijana apewe kazi ya mshahara, na kazi yenyewe iwe kufyatua matofali, kupasua mbao na kuezeka nyumba za wajane na wazee wasioweza kujijengea. Hivyo bei ya amani yageuka kuwa malipo ya deni. Mpango wa Serikali wa kupokonya silaha, uliowekwa mwaka 2021, unataja katika jina lake kuinua jamii nzima, wala si wapiganaji peke yao. Jina hilo ni jema. Watu wa vijijini wana haki ya kudai lifanane na matendo. Lakini mama asilazimishwe kumkumbatia aliyemchomea. Msamaha ni wake, atautoa moyo wake ukiweza. Matofali ni haki yake leo.

Utasikia watu wakisema: Serikali haina fedha. Twajibu: iko mali moja ambayo haiwezi kusema haina. Kwa sheria ya mwaka 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali. Watu wetu wanajua kujenga. Wazee wetu walijenga bila kungoja mkopo. Wanachokosa ni usalama, na kiwanja chenye karatasi ambayo hakuna tajiri wala mkubwa wa kuibatilisha. Mjane akikosa karatasi ya parseli yake, hata nyumba ya matofali ya kuchoma ni kambi tu, kama zile za zamani.

Na sisi je? Familia nyingi za Ituri ziliwapokea wakimbizi katika vyumba viwili, wakagawana muhogo uliokuwa wa watu watano kwa watu kumi na wawili. Hao wamefanya kazi ya Serikali bila mshahara. Wasifiwe, lakini sifa zisiwe kisingizio. Ukarimu wa maskini haufuti deni la wakubwa. Tuendelee kufungua mlango usiku, na asubuhi twende pamoja kwenye ofisi kuuliza, kwa adabu na bila kuchoka, viwanja vimepimwa lini na majina ya nani yameandikwa kwanza.